Kipande cha Homoni Kinapogusa Utumbo

Ndugu Mwenyekiti, walimu mlionifundisha, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa hadi kwenye ngazi: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Kwenye meza hii iliyo kando yangu kuna chombo cha kioo chenye kuta mbili. Kati ya kuta hizo hupita maji ya moto yanayolinda joto la ndani libaki nyuzi 37. Ndani kuna maji ya chumvi yenye sukari kidogo, yanayopulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5, na katikati ya mapovu hayo kinaning'inia kipande cha utumbo mwembamba wa simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara asiye na mkia. Urefu wake ni sentimita mbili na ushei. Kimefungwa uzi chini, kimefungwa uzi juu. Uzi wa juu umeshikwa na kipima mvuto, na ule mstari mnaouona ukutani ndio habari yake: ukipanda, misuli imejikaza, ukishuka, imelegea.

Kipande hicho kimetoka mwilini muda mfupi uliopita. Kimekatwa, kimeoshwa, kimevutwa. Ukikiuliza swali sasa hivi, jibu lake litakuwa la kisu na la uzi kuliko la dawa. Kwa hiyo huachwa kitulie karibu saa moja, na maji hubadilishwa kila robo saa. Saa hiyo ndiyo niliyopewa kuzungumza nanyi. Mwenzangu akisogea mezani kubadilisha maji, mimi nitaendelea.

Nianze na siku moja ya mwanzo wangu katika kazi hii. Nilikuwa nimezoea utumbo wa simbilisi, na nilikuwa nimeshaona mara nyingi kwamba nikitia nyurotensini, homoni ya peptidi yenye asidi amino 13 (zile punje zinazounda protini), mwisho wake mstari hupanda. Siku hiyo nikapewa duodeni ya panya, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Nikatia dawa ileile, kutoka chupa ileile, kipimo kilekile. Mstari ukashuka. Nikaosha, nikangoja, nikarudia, ukashuka tena. Nikaandika daftarini kwamba tishu imeharibika, nikaitoa, nikaning'iniza nyingine. Nayo ikashuka. Mzee mmoja, fundi wa maabara aliyekuwa akiosha vyombo nyuma yangu, akasema bila kugeuka: "Mwanangu, iliyokufa haishuki hivyo ikapanda tena ukiiosha."

Alikuwa ameona kila kitu. Tishu iliyokufa haina safari ya kwenda na kurudi. Ile ya panya ilikuwa hai kabisa na ilikuwa inajibu. Jibu lake ndilo lilikuwa kinyume cha nililolitegemea. Katika duodeni ya panya, nyurotensini hufungua milango ya potasiamu kwenye seli za misuli, na misuli hulegea. Katika utumbo wa simbilisi, sehemu kubwa ya kujikaza hupitia kwa neva zilizomo ndani ya ukuta wa utumbo, ambazo hutoa asetilikolini, kemikali ya neva inayokaza misuli. Homoni moja, majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. Tangu siku hiyo sijaandika neno "imeharibika" daftarini kabla ya kuosha mara tatu.

Nimeileta habari hiyo kwa sababu ninayotaka kuwaambia leo ni ndugu yake. Vitabu vingi vya darasani huandika kwamba homoni ya peptidi hutolewa, hufanya kazi, kisha vimeng'enya huikata, na hapo mwanafunzi hufunga ukurasa. Mimi nasema ukurasa usifungwe hapo. Homoni iliyokatwa mara nyingi bado ina la kuuambia utumbo. Wakati mwingine kipande husema lilelile kwa nguvu kuliko homoni nzima, wakati mwingine husema jingine kabisa, na wakati mwingine hukaa mlangoni kimya na kumzuia mwenye neno asiingie. Ukitaka kujua ni lipi kati ya hayo, huna budi kuulizia kwenye misuli yenyewe.

Peptidi ni mkufu wa asidi amino, na mkufu huo una ncha mbili zisizofanana. Ncha ya amino, ambayo kwa kawaida tunaiandika kushoto, nitaiita kichwa. Ncha ya kaboksili nitaiita mkia. Shikeni maneno hayo mawili, maana mengi ya jioni hii yamo humo.

Na huo ukuta wa utumbo? Misuli yake laini ni matabaka mawili: la ndani limezunguka kama pete, la nje limelala kwa urefu. Kati ya matabaka hayo umetandazwa mtandao wa neva unaoweza kuendesha kazi yake hata utumbo ukiwa nje ya mwili. Mwaka 1899 wanafisiolojia wawili wa Uingereza, Bayliss na Starling, walionyesha kwamba ukiugusa utumbo mahali pamoja, hujikaza upande wa juu ya mguso na kulegea upande wa chini, na hivyo kilichomo husukumwa kwenda mbele. Juu ya hayo zimo seli za Cajal zinazotoa mawimbi ya polepole ya umeme: kwa binadamu, takriban 12 kwa dakika katika duodeni, na karibu 8 kuelekea mwisho wa utumbo mwembamba. Homoni haileti mawimbi hayo. Huyakuta yanaendelea, ikayapa nguvu au ikayapunguzia.

Ndani ya seli yenyewe, hadithi ya kujikaza ni hadithi ya kalsiamu. Homoni hukaa kwenye kipokezi chake juu ya utando, kalsiamu huongezeka ndani, hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na wawili hao huamsha kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye miosini, protini inayovuta misuli. Misuli hujikaza. Vipokezi vingine hufanya kinyume: hupandisha saikliki AMP, molekuli ndogo inayobeba ujumbe ndani ya seli, na misuli hulegea. Sitakaa sana hapo. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaijua njia hiyo kuliko njia ya bwenini.

Nataka kukaa kwenye vipande.

Mwaka 1931 Ulf von Euler, kijana kutoka Uswidi, alikuwa London katika maabara ya Henry Dale, akifanya kazi pamoja na John Gaddum. Walikuwa wanatafuta asetilikolini katika viungo mbalimbali. Wakatengeneza maji yaliyokamuliwa kutoka utumbo na ubongo wa farasi, wakayatia kwenye utumbo wa sungura ulioning'inizwa kama huu. Ukajikaza. Wakatia atropini, dawa inayoziba vipokezi vya asetilikolini vya misuli hiyo. Ukajikaza vilevile. Basi humo mlikuwa na kitu ambacho si asetilikolini. Wakakiita P, na hadi leo kinaitwa dutu P. Ilipita karibu miaka 40 kabla kemia haijaifikia misuli: Susan Leeman, akitafuta homoni nyingine kabisa katika ubongo wa ng'ombe, alikutana na peptidi iliyowatoa panya mate, na mwaka 1971 yeye na wenzake wakatangaza mfuatano wa asidi amino zake. Ni 11. Ilikuwa dutu P. Muda wote huo kabla yake, shahidi mkuu wa kuwepo kwake alikuwa ni kipande cha utumbo kwenye maji ya chumvi. Jambo hilo hunigusa kila ninapofunga uzi.

Sasa uchukue mkufu huo wa 11 uanze kuukata kutoka kichwani. Toa ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Zimebaki sita za mkiani, nazo bado huukaza utumbo wa simbilisi kwa nguvu. Toa moja zaidi, zibaki tano, nguvu huporomoka. Chukua sasa upande wa pili, zile saba za kichwani peke yake, uzitie kwenye chombo: mstari haunyanyuki. Na ukiuacha mkufu mzima, asidi zote 11, lakini ukaondoa kikundi kidogo cha amaidi kinachofunga mkia, umepoteza sehemu kubwa sana ya nguvu yake. Atomi chache tu mwishoni. Kwa hiyo anayeuliza "kipande kina urefu gani?" ameuliza swali la pili. La kwanza ni: kimebaki na ncha ipi?

Gastrini, homoni inayoliamsha tumbo litoe asidi, ilitufundisha somo hilo mapema zaidi. Gregory na Tracy wa Liverpool waliitenga mwaka 1964, mkufu wa asidi amino 17, na wakaona kwamba nne za mkiani peke yake zinafanya kazi za homoni nzima. Dawa ya pentagastrini, iliyotumika miaka mingi hospitalini kupima uwezo wa tumbo kutoa asidi, imejengwa juu ya mkia huo.

Kolesistokinini ina mkia uleule. Iligunduliwa kwa kazi yake mwaka 1928, pale Ivy na Oldberg walipoona kwamba kitu kutoka utumbo mwembamba hulazimisha mfuko wa nyongo kujikaza. Namna yake moja inayojulikana sana ina asidi amino 33, na tano za mwisho zinafanana na za gastrini herufi kwa herufi. Kinachowatenganisha dada hawa wawili ni asidi amino moja, tirosini, ya saba ukihesabu kutoka mkiani, iliyobeba sulfati. Iondoe sulfati hiyo, na nguvu yake kwenye kipokezi cha mfuko wa nyongo hushuka kwa mamia ya mara, ilhali kipokezi kinachoshughulika na gastrini hakijali sana.

Kata kolesistokinini ubaki na nane za mkiani. Kipande hicho, molekuli kwa molekuli, kina nguvu kuliko mkufu wa 33. Natamani mliokaa nyuma mlisikie vizuri: robo ya homoni, nguvu zaidi. Na mwili wenyewe hukitengeneza. Kipo katika neva za utumbo na katika ubongo kwa wingi. Vittorio Erspamer na wenzake, walipochunguza ngozi ya chura wa Australia katika miaka ya 1960, walikuta humo peptidi ya asidi amino kumi, seruleini, ambayo nane zake za mwisho zinatofautiana na zile nane za kolesistokinini kwa asidi moja tu. Chura na utumbo wetu wameutunza mkia mmoja.

Hospitalini kipande hicho cha nane kinaitwa sinkalaidi, na hutumika kuukaza mfuko wa nyongo ili upigwe picha unavyojikamua. Wanaokitumia wanajua kwamba kikiingizwa haraka mgonjwa hushikwa na maumivu ya tumbo na kichefuchefu, ndiyo maana huingizwa polepole. Hilo ni darasa zuri kwa sisi wa maabara. Misuli husoma kiasi cha dawa, na pia husoma kasi ya kufika kwake.

Lakini tukifuate kipande hicho mahali kinapotua. Kwenye msuli wa mfuko wa nyongo uliotengwa, hukaa kwenye seli za misuli zenyewe. Kwenye utumbo wa simbilisi huu ulio mezani, hupita hasa kwa neva: huziamsha zitoe asetilikolini na dutu P, na hizo ndizo zinazokaza. Tunajuaje? Kwa sumu ya samaki bunju. Sumu hiyo, tetrodotoksini, hunyamazisha neva na kuiacha misuli laini ikiwa na uwezo wake. Itie kwanza, kisha tia kipande cha nane. Mfuko wa nyongo bado utajikaza. Utumbo utabaki karibu kimya. Na kwenye lango la Oddi, pale nyongo inapomwagikia kwenye duodeni, kipande hichohicho hulegeza, kwa kuziamsha neva za kulegeza. Angalieni hekima ya mpangilio huo: mfuko unajikaza na lango linafunguka kwa ujumbe mmoja. Ujumbe huo ungekuwa na maana moja kila mahali, nyongo ingesukumwa dhidi ya mlango uliofungwa.

(Maji yamebadilishwa. Mnaona mstari ulivyoruka, kisha ukarudi. Hiyo ni dalili njema.)

Si kila homoni inaweka neno lake mkiani. Motilini, peptidi ya asidi amino 22 iliyotengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi ya J. C. Brown na wenzake, imeliweka kichwani. Asidi 12 hadi 14 za mwanzo hubeba karibu nguvu yote. Mkia wake unaweza kukatwa na misuli isihisi upungufu mkubwa. Homoni hii ndiyo inayoandamana na lile wimbi kubwa la kusafisha linalopita tumboni na kwenye utumbo mwembamba kila dakika 90 hadi 120 mtu akiwa na njaa. Mngurumo mnaousikia matumboni wakati kama huu wa jioni unahusiana na wimbi hilo. Na kipokezi chake kina mgeni wa ajabu: erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ambayo haifanani na peptidi hata kidogo, hukaa humo na kuukaza utumbo. Wagonjwa walilalamikia misokoto ya tumbo miaka mingi kabla ya sababu hiyo kueleweka, na leo madaktari huitumia kwa makusudi pale tumbo linapokuwa zito kujimwaga.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wawe waangalifu na wanyama wao. Panya wa maabara, mkubwa na mdogo, hawana motilini inayofanya kazi. Ukitia kipande cha motilini kwenye utumbo wa panya ukaona kimya, usiandike kwamba kipande hakina nguvu. Umebisha nyumba isiyo na mtu. Sungura ndiye aliyetumika sana kwa kazi hiyo, na kwa sababu ya kweli.

Kisha kuna zile zisizokubali kukatwa. Sekretini, homoni ya kwanza kabisa kutambuliwa, ilionyeshwa na Bayliss na Starling mwaka 1902. Neno "homoni" lenyewe Starling alilileta mwaka 1905. Ina asidi amino 27, na inazihitaji karibu zote. Ndugu yake, peptidi ya VIP yenye asidi 28, iliyotangazwa na Said na Mutt mwaka 1970, hulegeza misuli ya utumbo kwa kupandisha saikliki AMP. Ukiikata, vipande vyake ni dhaifu mno ukivilinganisha na mkufu mzima. Mkia wa jamii hiyo hushika kipokezi, kichwa ndicho kinachokiamsha. Ukivitenganisha, mmoja ameshika asichoweza kuamsha, mwingine hana pa kushikia.

Jambo hilo la mkia kushika bila kuamsha lina mfano ninaoupenda kuliko yote. Katika mate ya mjusi mwenye sumu wa jangwa la Marekani, anayeitwa Gila, mna eksendini-4, mkufu wa asidi 39 unaoamsha kipokezi cha homoni yetu ya GLP-1, ile inayochelewesha tumbo kujimwaga na kusaidia insulini. Kata asidi nane za kichwani. Kilichobaki, kuanzia ya tisa hadi ya 39, kinaingia kwenye kipokezi kilekile, kinashika vizuri, na hakiamshi kitu. Kimekuwa kizuizi. Kwa kisu kimoja, mwamshaji amegeuka mlinzi. Watafiti hukitumia kipande hicho hadi leo kuuliza: je, tumbo lingejimwaga kwa kasi gani kama GLP-1 isingekuwepo?

GLP-1 yenyewe hukatwa ndani ya miili yetu. Kimeng'enya cha DPP-4 hunyofoa asidi mbili za kichwani, na homoni inayofanya kazi hupungua kwa nusu ndani ya dakika moja au mbili. Lakini kimeng'enya hichohicho kikikata peptidi YY, nayo ya utumbo, asidi mbili za kichwani vilevile, kipande kinachobaki, cha 3 hadi 36, hakifi. Hubadilisha mwelekeo: mkufu mzima ulikuwa unazungumza na vipokezi kadhaa, kipande kinachagua hasa kile cha Y2. Kisu ni kimoja. Kwa mmoja kimezima, kwa mwingine kimeelekeza. Mtu anayesema tu kwamba "DPP-4 huharibu homoni" ameeleza nusu ya habari.

Bradikinini nayo isisahauliwe, maana ilizaliwa kwenye chombo kama hiki. Mwaka 1949, huko Brazili, Rocha e Silva, Beraldo na Rosenfeld walichanganya sumu ya nyoka jararaka na majimaji ya damu ya mbwa, wakayatia kwenye utumbo wa simbilisi. Utumbo ukajikaza, taratibu kuliko kwa asetilikolini au histamini, na jina la bradikinini limetokana na kujikaza huko kwa polepole. Ni asidi amino tisa. Iondoe arginini ya mkiani, zibaki nane: kipokezi chake cha kawaida, B2, hakiitambui tena, lakini kipo kingine, B1, kinachoipokea. Na hicho B1 ni haba katika tishu yenye afya. Huongezeka panapokuwa na uvimbe au jeraha. Katika mshipa wa damu wa sungura ulioning'inizwa, ilionekana kwamba jibu kwa kipande hicho hukua kadiri saa zinavyopita ndani ya chombo. Maana yake tishu yetu haikai ileile tunapoiangalia. Aliyejaribu saa mbili na aliyejaribu saa nane wanaweza kutofautiana, na wote wakawa waaminifu.

Kutoka Aberdeen, mwaka 1975, Hughes na Kosterlitz walileta vipande vilivyo miongoni mwa vidogo kuliko vyote nilivyotaja. Walitumia utumbo wa simbilisi unaochokozwa kwa umeme ujikaze kwa mpigo sawa, wakatafuta katika ubongo wa nguruwe kitu kinachopunguza mpigo huo kama mofini inavyoupunguza, na ambacho naloksoni, dawa inayozuia mofini, inakifuta. Walikipata: enkefalini mbili, kila moja asidi tano, zinazotofautiana kwa ya mwisho tu. Mfuatano wa mojawapo ulikuwa umeshaandikwa kwenye karatasi za watu, ndani ya peptidi ndefu ya beta-lipotropini, nafasi ya 61 hadi 65, na hakuna aliyejua kuwa humo mna kitu cha kuuliza utumbo. Hapo tirosini ya kichwani ndiyo yote. Iondoe, na utumbo hauoni kitu. Dawa ya loperamaidi inayozuia kuhara hupita mlango huohuo: hupunguza asetilikolini inayotolewa na neva za ukuta, na mwendo wa utumbo hupoa.

Kuna upande mmoja wa jambo hili unaonikera, na nitausema wazi. Kipimo cha damu kinachotumia kingamwili hushika umbo. Hakijui kazi. Tangu 1968 Berson na Yalow walionyesha kwamba homoni ya paradundumio, ile inayosimamia kalsiamu mwilini, si kitu kimoja katika damu. Imo nzima, vimo na vipande. Kwa wagonjwa wa figo vipande vya mkiani hulundikana, na vipimo vya zamani vilivihesabu kana kwamba ni homoni kamili, ilhali kazi ya homoni hiyo kwenye kipokezi chake cha kawaida imo kichwani, katika asidi 34 za kwanza kati ya 84. Namba ilikuwa kubwa, kazi haikuwa kubwa hivyo. Kwa hiyo ninapoona mtafiti kijana anapima kiasi cha peptidi kwenye damu, kisha anahitimisha moja kwa moja kuhusu mwendo wa utumbo, moyo wangu huuma. Kati ya kiasi na mwendo kuna swali ambalo hajaliuliza.

Namna ya kuliuliza si ngumu, inataka subira tu. Ukipata kipande kipya, kitie kwanza kidogo sana, kiwango cha nanomola, upande taratibu. Kila baada ya kipimo osha, kisha ngoja: utumbo uliokwisha kuchokozwa na dutu P hupunguza jibu lake ukichokozwa tena mapema, na ukiharakisha utadhani kipande cha pili ni dhaifu wakati uchovu ni wa cha kwanza. Halafu tia atropini uone kama jibu linapungua. Halafu sumu ya bunju. Halafu kizuizi cha kipokezi unachokishuku, kama kipo. Na daima, mwishoni, tia asetilikolini yenyewe, ujue kama misuli ingali na nguvu ya kukujibu. Usisahau kwamba ukuta wa utumbo una vimeng'enya vyake: kipande ulichokitia huenda ndani ya dakika chache kikawa kipande kingine. Ukiweka vizuia vimeng'enya na jibu likabadilika, umejua kwamba ulichokuwa ukikipima hakikuwa ulichokitia peke yake.

Wanakemia wameshalifanyia kazi jambo hili la kukatwa. Somatostatini, homoni yenye mkufu wa asidi 14, haidumu damuni zaidi ya dakika chache; dawa ya okitreotaidi, asidi nane zilizojengwa kuzunguka zile nne za katikati zinazogusa kipokezi, hupungua kwa nusu baada ya saa moja na nusu hivi, na huwapa nafuu wagonjwa wenye kuhara kunakoletwa na vivimbe vinavyotoa homoni. Walijifunza ni wapi mkufu unaweza kupunguzwa kwa kuangalia kila ulichopoteza ulipopunguzwa.

Naona mwenzangu ananyoosha mkono. Mstari umelala sawa kwa dakika kumi sasa, mawimbi yake madogo yanapita kwa mpangilio. Kwenye vichupa hivi viwili mna vipande viwili vya dutu P: kimoja ni sita za mkiani, kingine ni saba za kichwani. Sijavibandika majina, vina namba tu, na orodha ya namba iko mfukoni mwa mwenyekiti. Mliokaa kwenye ngazi sogeeni karibu, na mmoja wenu achague kichupa cha kwanza.